Ufunguo Usiolala

Mtaa wa Nengo uko mjini Gisenyi, wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, upande wa Ziwa Kivu, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Goma. Katika mji kama huu, hoteli, ofisi za mashirika na biashara za kuvusha bidhaa huendesha shughuli zao kwa mashine ambazo wenyewe hawazioni. Orodha za wageni, hesabu za mishahara na majina ya watu wanaopokea msaada hukaa kwenye seva, mara nyingi Kigali, kilomita 150 na ushei kwa barabara. Fundi anayezitunza seva hizo hana haja ya kusafiri. Asubuhi hufungua laptopu yake, huandika amri moja fupi, na kufumba na kufumbua yuko ndani ya seva. Hakuulizwa nenosiri, wala hakuandika chochote cha kuthibitisha kwamba ni yeye. Kuna kitu ndani ya laptopu kilichojibu kwa niaba yake. Sura hii inauliza kitu hicho ni nini, na kimepewa ruhusa ya kujibu mpaka lini.

Hoja yangu ni hii: kwa ofisi ya kawaida, hatari kubwa ya funguo za kuingilia kwenye seva inatokana na muda ambao ufunguo unaachwa wazi na idadi ya milango unayoweza kufungua. Tumezoea kuuliza kama ufunguo una nguvu. Swali hilo wataalamu wa hesabu wamekwishatujibia, na wamejibu vizuri. Swali ambalo hakuna mtaalamu wa mbali anayeweza kutujibia ni la ufunguo kukaa macho, kwa sababu jibu lake liko kwenye mashine zetu wenyewe, katika huduma zinazofanya kazi chinichini bila ya sisi kuziangalia.

Tuanze na jinsi mambo yanavyofanya kazi. Mwaka 1995, Tatu Ylönen, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Finland, alitengeneza programu ya SSH baada ya mtandao wa chuo chake kudukuliwa na manenosiri kunaswa yakiwa njiani. Wakati huo mtu aliyeingia kwenye kompyuta ya mbali alituma nenosiri lake wazi, herufi kwa herufi, na yeyote aliyekuwa akisikiliza mtandao aliliona. SSH ilisimba mazungumzo yote, na ikaleta njia ya kuingia bila kutuma nenosiri kabisa. Kabla ya mwaka huo kwisha, watumiaji wake walikadiriwa kufika 20,000 katika nchi 50. Mwaka 1999 wanaprogramu wa OpenBSD walitoa toleo huria, OpenSSH, na leo hiyo ndiyo inayotumika kwenye seva nyingi duniani, zikiwamo zile zinazoshika data za ofisi za Gisenyi.

Njia hiyo hutumia funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Ufunguo wa wazi huwekwa kwenye seva, katika faili liitwalo authorized_keys. Mtu yeyote akiuona si neno. Ufunguo wa siri hubaki kwenye laptopu ya mwenyewe. Anapotaka kuingia, laptopu hutumia ufunguo wa siri kutia sahihi ujumbe unaohusu mazungumzo hayo tu, na seva hutumia ule wa wazi kuikagua sahihi. Ufunguo wa siri wenyewe hausafiri. Lakini ni faili kama faili jingine, na anayelinakili amekuwa wewe. Kwa hiyo faili hilo husimbwa kwa nenosiri lake, na hapo ndipo adha inapoanza: fundi anayeingia kwenye seva mara 30 kwa siku atatakiwa kuandika nenosiri refu mara 30.

Dawa ya adha hiyo ni programu iitwayo ssh-agent, ambayo hapa nitaiita wakala. Wakala huanza kazi pamoja na mtumiaji, hukaa chinichini, na hupokea ufunguo mara moja baada ya nenosiri kuandikwa. Tangu hapo hushika ufunguo ukiwa umefunguliwa katika kumbukumbu ya mashine, na kila programu inayotaka sahihi huenda kwake kupitia soketi, yaani faili maalumu ambalo anwani yake huandikwa katika kigezo SSH_AUTH_SOCK. Wakala hampi mtu ufunguo. Anatia sahihi na kurudisha sahihi. Ni kama mlinzi wa lango la nyumba za Nengo: funguo ziko mfukoni mwake, hamkabidhi mgeni hata mmoja, ila anafungua kila anapoombwa na mtu ambaye yeye mlinzi anadhani ametumwa na mwenye nyumba.

Mfano huo unaonyesha ubora wa wakala na pia udhaifu wake. Ubora ni mkubwa na sitaki kuupunguza. Bila wakala, mafundi wengi huchoka na kuondoa nenosiri kwenye ufunguo, na faili likabaki bila kinga, tayari kunakiliwa na programu yoyote chafu au na mtu yeyote aliyeazima laptopu kwa dakika mbili. Wakala ndiye anayefanya nenosiri refu livumilike. Udhaifu wake ni kwamba hajui ni nani anayeomba. Anachokitazama ni ruhusa ya faili la soketi: ukiwa ni mtumiaji yule yule, au ukiwa ni msimamizi mkuu wa mashine, atatia sahihi. Programu ndogo uliyoipakua jana kwa jina lako ina haki ya kuomba sawasawa na wewe.

Ongeza sasa suala la muda. Katika matoleo kadhaa ya Linux, wakala huendeshwa kama huduma ya mtumiaji chini ya systemd, ile programu inayoanzisha na kusimamia huduma zote za mashine. Ukifunga dirisha la terminali, huduma haifi. Ikiwa fundi ameruhusu huduma zake ziendelee hata akitoka, kwa ile amri ya enable-linger ambayo wengi huiwasha ili kazi nyingine isikatike, wakala hubaki hai hata baada ya mwenyewe kuaga. Kwenye Windows hali ni nzito zaidi: wakala wa huko huhifadhi ufunguo kwenye sajili ya mfumo, umesimbwa kwa akaunti ya mtumiaji, kiasi kwamba ukizima mashine na kuiwasha, ufunguo bado upo na hauulizi nenosiri lake tena. Kwa kawaida ya kiwandani, ufunguo uliopewa wakala hauna mwisho. Mwenyewe asipoweka mwisho, hakuna atakayeuweka.

Mtu anaweza kusema kwamba katika ofisi tulivu, yenye lango na mlinzi, jambo hili halidhuru. Lakini Gisenyi si mji wa kudhania utulivu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka kuingia Gisenyi wakiwa na walichoweza kubeba. Siku zilizofuata ardhi ilitikisika mfululizo, nyumba zikapasuka kuta pande zote mbili za mpaka, na tarehe 27 Mei serikali ya jimbo ikaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika Goma, wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa na familia zao walivuka tena kuingia Rwanda. Katika nyakati kama hizo watu huondoka na laptopu zilizolazwa, zisizozimwa, zikiwa mikobani. Nyingine hubaki mezani kwenye ofisi ambazo mtu hajui atazirudia lini. Laptopu iliyolazwa bado imeshika kila kitu katika kumbukumbu yake, na wakala akiwa na ufunguo usio na mwisho, ufunguo huo uko ndani umefunguliwa. Kinachomtenganisha aliyeiokota na seva ya Kigali ni nenosiri la skrini tu, ambalo mara nyingi ni fupi na linajulikana na nusu ya ofisi.

Hapa hujibiwa kwamba diski ya laptopu imesimbwa, kwa hiyo anayeiba hapati kitu. Kusimba diski ni jambo jema na kila ofisi ifanye hivyo. Ila kinga hiyo hufanya kazi mashine ikiwa imezimwa. Mashine inapokuwa macho au imelala usingizi mwepesi, diski imekwisha kufunguliwa na funguo zimo kwenye kumbukumbu. Kinga mbili hizi, ya diski na ya muda wa ufunguo, hazilindi wakati mmoja: ya kwanza hulinda mashine iliyozimwa, ya pili hulinda mashine iliyosahauliwa.

Ushahidi wa wazi kabisa wa hatari ninayoieleza ulitokea mbali na Maziwa Makuu, Aprili 2019, kwa watu ambao kazi yao ni mawasiliano ya siri. Mradi wa Matrix hutengeneza mfumo huria wa ujumbe, na seva yake kuu, matrix.org, ilitumiwa na watu wengi. Mshambuliaji aliingia kwanza kupitia Jenkins, programu ya kujenga na kujaribu matoleo, ambayo haikuwa imesasishwa. Mlango huo peke yake haukutosha kumfikisha kwenye hifadhidata. Lakini baadhi ya watengenezaji walipoingia kwenye mashine hiyo walikuwa wamewasha mpangilio wa ForwardAgent, unaomruhusu mtu aliyeko seva ya kwanza kumwomba wakala wa laptopu yake sahihi ya kuingilia seva ya pili. Mshambuliaji alikuwa tayari ndani ya seva ya kwanza. Alitumia mpangilio huo huo kuomba sahihi, na mawakala wakatia. Hakuvunja hesabu za ufunguo wowote wala hakuhitaji kuiba faili kwenye laptopu ya mtu. Alifika kwenye hifadhidata, akapata ujumbe usiosimbwa na manenosiri yaliyosagwa, na mradi ukalazimika kuwatoa watumiaji wote kwenye akaunti zao na kujenga upya mashine zake.

Ninachokiona katika tukio hilo ni kwamba kila sehemu ilifanya ilichoundiwa. SSH ilisimba, wakala alitunza siri, ufunguo ulikuwa imara. Kosa lilikuwa la upeo: ufunguo uliofunguliwa kwa kazi moja uliachwa ufikike kutoka mahali pengine, kwa muda usio na kikomo. Julai 2023 jambo hilo lilijitokeza kwa sura nyingine, pale watafiti wa kampuni ya Qualys walipoonyesha kwamba aliyedhibiti seva ambako wakala ameelekezwa angeweza, katika hali fulani, kuendesha programu yake kwenye laptopu ya mwenye wakala. Dosari ikazibwa kwa toleo jipya, lakini somo likabaki: kumpeleka wakala safari ni kumweka mbele ya watu usiowajua.

Basi kifanyike nini? Marekebisho yenyewe ni madogo, na ndiyo maana yanaudhi kuona yameachwa. Katika faili la huduma ya wakala, mstari unaoanzisha ssh-agent huongezewa maneno -t 4h, na kuanzia hapo kila ufunguo anaopewa hufutwa baada ya saa nne. Fundi huandika nenosiri asubuhi, na mara nyingine baada ya chakula cha mchana. Jioni, hata akisahau, wakala hana kitu. Ufunguo wa seva nyeti, tuseme ile yenye mishahara, huongezwa kwa ssh-add -c, na kila sahihi inapoombwa kidirisha hutokea kuuliza kama mwenyewe anakubali. Kidirisha kikitokea wakati hakuna aliyegusa kitu, fundi amejua palepale kwamba kuna mwingine anayeomba. Amri ya ssh-add -l humwonyesha funguo zilizoshikwa sasa hivi, na ssh-add -D huzifuta zote. Hiyo ya mwisho inafaa ichapwe kabla ya kuvuka mpaka, kama vile mtu anavyopapasa mfuko kuhakikisha kitambulisho kipo. Na kwa anayehitaji kupita seva moja ili kufika nyingine, mpangilio wa ProxyJump hufanya kazi hiyo bila kumwelekeza wakala popote: seva ya kati hupitisha tu mazungumzo yaliyosimbwa, na sahihi hutiwa kwenye laptopu.

Pingamizi la kwanza ni la uchovu. Husemwa kwamba ukimlazimisha mtu kuandika nenosiri mara kwa mara, atachagua nenosiri jepesi au atatafuta njia ya kukwepa. Pingamizi hili ni la kweli na lina uzito, kwa kuwa kanuni isiyofuatwa ni mbaya kuliko kutokuwa na kanuni. Humpa mkuu wa ofisi imani ya uongo. Lakini hesabu yake hapa ni mara mbili kwa siku, si mara 30. Kama hata mbili ni nyingi, saa nne zinaweza kuwa nane, yaani siku nzima ya kazi. Sibishanii idadi ya saa. Ninachoshikilia ni kwamba kuwe na kikomo, na kikomo hicho kisivuke usiku. Tofauti kati ya saa nne na saa nane ni ndogo. Tofauti kati ya saa nane na milele ndiyo inayoamua kama laptopu iliyookotwa wiki ijayo ni hasara ya mashine au hasara ya seva zote.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na linatoka kwa mafundi wenyewe. Si kila anayeingia kwenye seva ni binadamu. Kila usiku, saa nane, huduma fulani huamka, hukusanya data za siku na kuzipeleka kwenye seva ya nakala za akiba. Hakuna mtu wa kuandika nenosiri saa nane za usiku. Umeme ukikatika na kurudi, huduma hiyo lazima ianze yenyewe. Ukimpa wakala kikomo, nakala hazitapelekwa, na siku diski itakapokufa ofisi itagundua kwamba usalama wako umeiponza. Ni kweli kwamba huduma kama hiyo inahitaji ufunguo usiolala. Hapo kikomo cha muda hakifai, na hapo ndipo kikomo cha pili, cha mahali na kazi, kinapochukua nafasi yake.

Ufunguo wa huduma haupaswi kuwa ufunguo wa mtu. Mazoea ya kuchukua ufunguo wa fundi, kuuondolea nenosiri na kumpa roboti wa usiku ndiyo yanayozaa balaa, maana roboti hurithi kila mlango ambao fundi anaweza kuufungua. Huduma ipewe mtumiaji wake na ufunguo wake, na kwenye seva inayopokea, mstari wa ufunguo huo katika authorized_keys uanze na maneno matatu. La kwanza ni restrict, linalozima kila fursa isiyohitajika, ikiwamo ya kuelekeza wakala na ya kufungua njia za pembeni. La pili ni command, linalotaja amri moja tu ambayo ufunguo huo unaweza kuiendesha, hata mwenye nao aombe nini. La tatu ni from, linalotaja anwani ambayo ombi lazima litoke. Aliyeiba ufunguo wa namna hiyo amepata uwezo wa kupeleka nakala za akiba, tena akiwa kwenye mashine ile ile. Hawezi kufungua terminali wala kuruka kwenda seva ya mishahara. Siri yenyewe haina haja ya kulala wazi kwenye diski: systemd, tangu toleo la 250 la Desemba 2021, ina zana ya systemd-creds inayosimba siri kwa chipu ya usalama ya mashine yenyewe, na kuifungua pale tu huduma husika inapoanza. Diski ikichomolewa na kupelekwa kwingine, siri haifunguki.

Wapo watakaosema kwamba huduma za chinichini zenyewe ndizo hatari, na dawa ni kuziondoa. Wanaweza kutaja kisa cha Machi 2024, ambapo Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata, aliona kwamba kuingia kwa SSH kwenye mashine yake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia, na tarehe 29 akatangaza kwamba maktaba ya kubana data iitwayo xz imetiwa mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. SSH yenyewe haitumii xz. Lakini baadhi ya matoleo ya Linux yalikuwa yameiunganisha SSH na maktaba ya systemd ili huduma iweze kutoa taarifa kwamba imeanza, na maktaba hiyo nayo ilibeba xz. Mlango uliingia kwa njia ya huduma mbili kusalimiana. Ninalichukulia tukio hilo kwa uzito wote, lakini sioni kwamba linatufundisha kuacha huduma. Linatufundisha kwamba kila kinachofanya kazi chinichini ni sehemu ya ulinzi, na kwamba hata programu imara inaweza kusalitiwa na jirani yake. Kama seva yenyewe inaweza kuingiliwa bila kosa la fundi, basi busara ni kuhakikisha kwamba aliyeingia kwenye seva moja hakuti humo wakala wa kumpeleka kwenye zote.

Pingamizi la tatu ni la kawaida katika miji midogo: sisi ni nani hata tushambuliwe? Wadukuzi wanaitaka Kigali, Nairobi au Kampala. Matukio ya ukanda wetu yanajibu vinginevyo. Mwaka 2019 Rwanda iliwakamata watu 12, Wakenya 8, Wanyarwanda 3 na Mganda 1, kwa jaribio la kuingilia mfumo wa Equity Bank. Mwaka 2021 mahakama iliwahukumu kifungo cha miaka 8 kila mmoja. Kundi la mataifa matatu katika jaribio moja linaonyesha kwamba mipaka hailindi mtu. Oktoba 2020, nchini Uganda, walioshambulia miamala ya fedha za simu hawakuanza na kampuni kubwa za simu wala benki. Waliingilia kampuni ya kati, Pegasus Technologies, iliyokuwa ikiunganisha mifumo yao, na MTN, Airtel na Stanbic zikalazimika kusimamisha baadhi ya huduma. Mshambuliaji hatafuti aliye mkubwa. Anatafuta aliyeunganishwa na mkubwa. Ofisi ndogo ya Nengo yenye ufunguo wa kuingilia seva ya shirika la kimataifa au ya mshirika wake wa Kigali ni kiungo cha namna hiyo hasa.

Tena, ukubwa wa ofisi si ndio unaopima uzito wa data yake. Orodha ya watu waliokimbia vita, pamoja na majina, namba za simu na mahali wanapolala, ni faili dogo kuliko picha moja ya harusi. Likivuja katika mji wa mpakani, anayeumia ni mtu aliyetoa jina lake akiamini kwamba litamletea unga na blanketi. Deni hilo la uaminifu ndilo linalonifanya niisisitize mada ambayo wengi wangeiachia mafundi.

Sheria nayo imekwishalitambua deni hilo. Sheria namba 058/2021 ya Rwanda, ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda data za watu binafsi na faragha, inataka data hizo zihifadhiwe nchini isipokuwa kwa kibali, na inamtaka msimamizi wa data aliyebaini uvujaji kuijulisha mamlaka ndani ya saa 48. Mamlaka yenyewe ni ile ya taifa ya usalama wa mtandao, NCSA. Wengi huisoma saa 48 kama muda wa kuandika barua. Kazi ngumu ni kujua kitu cha kuandika ndani yake: ni seva zipi zilifikiwa, kwa ufunguo upi, kuanzia lini. Kumbukumbu za SSH zinaweza kusaidia, kwani kila anayeingia kwa ufunguo huandikiwa mstari wenye jina la mtumiaji, anwani aliyotoka na alama ya kidole ya ufunguo wake, inayoanza na SHA256. Lakini mstari huo una maana ikiwa kila mtu ana ufunguo wake na kila ufunguo una saa zake. Ofisi ambamo watu watatu hutumia ufunguo mmoja, ulioshikwa na wakala usiku na mchana, itasoma kumbukumbu hizo na isijue kama saa tisa za usiku aliingia mwenzao, roboti wa nakala au mwizi. Kikomo cha muda hupunguza eneo la kuchunguza: kama ufunguo ulikuwa wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, ombi lolote nje ya saa hizo ni la kutiliwa shaka bila mjadala.

Liko pia jambo la funguo za walioondoka. Mashirika ya mpakani huajiri kwa mikataba mifupi. Watu huja na dharura na huondoka nayo. Nenosiri la barua pepe hufungwa siku ya kuaga, kwa kuwa ofisi ya utumishi ina orodha. Ufunguo wa wazi katika authorized_keys hauna orodha mahali popote, na hubaki miaka. Oktoba 2015 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo mzima kuhusu SSH, na moja ya nguzo zake ni hii: orodhesha funguo zote, ujue kila mmoja ni wa nani na ni wa nini, kisha ondoa usiokuwa na mwenyewe. OpenSSH inarahisisha kazi hiyo kwa neno expiry-time, linaloandikwa mbele ya ufunguo pamoja na tarehe; ikipita, seva inaukataa. Mkataba wa miezi sita uendane na ufunguo wa miezi sita. Hapo hata ofisi iliyohama ghafla, isiyo na mtu wa kufanya usafi, itakuwa imesafishwa na tarehe.

Nimesema mwanzoni kwamba nguvu ya ufunguo tumekwisha kujibiwa. Mtu mwangalifu anaweza kunikumbusha Debian, moja ya matoleo ya Linux, ambako badiliko moja la Septemba 2006 lilifanya funguo zote za aina na ukubwa mmoja zitoke katika bwawa la funguo 32,767 tu, na halikugunduliwa hadi Mei 2008. Ni kweli, nguvu inaweza kuharibika. Lakini angalia kilichozitofautisha ofisi za aina mbili siku ile habari ilipotoka. Iliyokuwa na orodha ya funguo zake na tarehe zake ilibadilisha zote na kuendelea na kazi. Isiyokuwa nayo ilianza kuwinda funguo dhaifu seva baada ya seva, bila kujua ilipomaliza. Hata pale nguvu inapokosekana, anayeokoka ni yule aliyekwisha kuweka kikomo. Vivyo hivyo kwa funguo zinazokaa ndani ya kifaa kidogo cha usalama, ambazo OpenSSH inazikubali tangu Februari 2020 na ambazo hudai mguso wa kidole kwa kila sahihi. Ni bora, na ofisi inayoweza kuzinunua izinunue. Ubora wake wenyewe unatokana na kanuni ninayoitetea, kwani mguso ni kikomo kilichofupishwa hadi sahihi moja.

Kwa hiyo mkuu wa ofisi ya Nengo asiyejua kuandika hata amri moja ya kompyuta bado ana maswali manne ya kumuuliza fundi wake, na ana haki ya kupata jibu kabla ya siku kwisha. Ufunguo wako hufungwa saa ngapi bila wewe kukumbuka? Ni huduma zipi zinazoingia kwenye seva usiku, na kila moja inaruhusiwa kufanya nini? Ni nani aliyeondoka ambaye ufunguo wake bado unakubaliwa? Na laptopu yako ikipotea leo jioni, kesho asubuhi tutawaambia NCSA nini? Fundi mzuri atayafurahia maswali hayo, kwa sababu yanampa kibali cha kufanya kazi ambayo amekuwa akiiahirisha. Wakala wa chinichini ataendelea kumrahisishia siku yake kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa ana saa za kuanza na za kumaliza, anajua milango anayoruhusiwa kuifungua, na ofisi inaweza kuthibitisha yote mawili kwa karatasi mkononi.